Jino Moja la Pinioni

Pikapu ya nyumbani kwetu Mbita ina wenyewe wengi. Jina lililo kwenye logibuku ni la Baba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Pesa zilizoinunua zilitoka kwenye omena za Mama. Anayeiendesha ni ndugu yangu, kitinda mimba wetu, na wanaoiosha Jumamosi ni wanangu, ambao kwa kazi hiyo hudai haki ya kukaa mbele. Ni Hilux ya zamani, ya dizeli isiyo na turbo, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, na hubu za mbele zinazofungwa kwa mkono kabla ya kuingiza magurudumu manne. Ikiugua, hakuna mtu nyumbani anayelala vizuri.

Safari hii ugonjwa ulianzia kwenye tairi. Lakini kwanza nieleze kazi ya gari lenyewe. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, na biashara yake hufuata mwezi: giza likiwa totoro wavuvi hujaza mitumbwi, mwezi ukipevuka hukaa ufukweni wakishona nyavu. Kwa hiyo Mama hana Jumatatu wala Ijumaa; ana siku za giza na siku za mbalamwezi. Siku za giza pikapu hutoka alfajiri kwenda Sindo, na mara nyingine mbele zaidi, hadi Nyandiwa kule Gwassi, kununua omena zilizokwisha kukauka. Magunia hurudi Mbita, kisha huenda Homa Bay kwa barabara ya lami. Kati ya Aprili na Julai, msimu ambao uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, gari hubeba mchanga na matofali. Njia ya Homa Bay haina neno. Yenye maneno ni ya Nyandiwa: mawe yaliyochongoka, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na mlima wa kurudi kuelekea Magunga, ambao dereva mgeni husimama kwanza chini akautazama.

Mawe hayo ndiyo yaliyompa ndugu yangu hoja. Jioni moja alirudi na tairi nne za 7.50R16, zile zinazovaliwa na Land Cruiser za polisi na za mashirika, zimetumika lakini bado nene. Alikuwa amezilipia kwa pesa tulizotenga kuezeka jiko upya. Baba hakusema kitu mpaka alipomaliza chai.

"Hizi ni za nini?"

"Mzee, gari litainuka. Nyandiwa hatutagusa jiwe tena."

"Na jiko?"

"Jiko litaezekwa. Mama akiuza mara mbili tatu tu, tutakuwa tumerudisha."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga, hakuinua uso. "Usinipangie mauzo yangu," alisema.

Muuzaji hakukubali kurudishiwa, basi tairi zikafungwa. Tairi za zamani, za 205R16, zikalazwa stoo nyuma ya mapipa ya maji. Na gari lilipendeza kweli. Majirani walikuja kulitazama, na wanangu walilisugua hadi likawaka. Ndugu yangu alikuwa na furaha ya mtu aliyeitendea familia yake jambo jema, na naamini mpaka leo kwamba nia yake ilikuwa hiyo.

Dalili za kwanza zilikuja kwenye gia ya tano. Kwenye lami ya Homa Bay, pale ambapo gari lilikuwa likienda bila shida likiwa limebeba, sasa injini ililegea kila barabara ilipopanda kidogo. Dereva wetu akazoea kukaa kwenye ya nne. Kwenye mlima wa Magunga akawa anaanza na gia ya kwanza pale ilipotosha ya pili, na hata hiyo ya kwanza aliisaidia kwa klachi. Harufu ya klachi inayoungua Mama aliitambua kabla dereva hajaikubali. Breki nazo zikawa za kukanyagwa mapema, maana gurudumu refu na zito ni kazi kubwa zaidi kwa breki zile zile.

Lakini aliyelishika jambo lenyewe mkononi ni Mama, kwa daftari lake. Kila anapojaza dizeli huandika lita na namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Shilingi haziangalii sana, kwa sababu EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi na shilingi za mwezi huu si za mwezi uliopita. Anaangalia lita kwa kilomita. Ukurasa ulipokataa kulingana na kurasa za nyuma, akamwita ndugu yangu barazani.

"Mwanangu, dizeli inakwenda wapi?"

"Mama, mimi siuzi dizeli."

"Sijasema unauza. Nimeuliza inakwenda wapi."

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Katika nyumba inayotegemea gari moja, hakuna tuhuma inayouma kama ya kunyonya mafuta, na kijana alikuwa amekwisha kubadilika uso. Kisha Mama akaongeza swali la pili, na hilo ndilo lililomwokoa. Alitaka kujua barabara ya Homa Bay imekatwa wapi, maana mita sasa inaandika kilomita pungufu kuliko mwaka uliopita kwa safari ile ile, kutoka lango letu hadi soko lile lile.

Hapo Baba akavaa miwani na kuomba kipande cha katoni.

Mita ya kilomita, alitueleza, haioni barabara. Inahesabu tu mizunguko ya propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi. Kiwanda kiliipima kwa tairi yenye kipenyo cha milimita 736 hivi, ambayo ndiyo 205R16. Tairi mpya ni ya milimita 806 au karibu na hapo. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu sasa unakula ardhi zaidi kwa karibu asilimia kumi, na mita haina habari. Kwa kila kilomita 100 za kweli, inaandika 91. Mshale wa spidi ukisoma 80, gari liko karibu na 88, na ukikutana na polisi wenye kipima mwendo huna la kujitetea. Kwa hiyo sehemu ya dizeli "iliyopotea" haikupotea; ilichomwa kwenye kilomita ambazo hazikuandikwa. Sehemu nyingine ilipotea kweli, kwa injini inayosukumwa kufanya kazi isiyoiweza.

Hiyo kazi ndiyo kiini cha kisa chote. Ndani ya difu iliyo kwenye ekseli kuna gia mbili kuu: pinioni ndogo inayozungushwa na propela, na krauni kubwa inayozungusha magurudumu. Yetu ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10, yaani propela huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Anayebeba gunia kwa baiskeli anaujua mpango huo: sproketi kubwa nyuma inakupandisha mlima polepole, sproketi ndogo inakukimbiza kwenye tambarare na kukuangusha mlimani. Tairi kubwa hufanya kazi ya hiyo sproketi ndogo. Baba alizidisha 4.10 kwa 736 akagawanya kwa 806, akapata 3.74. Kwa lugha ya gereji, tulikuwa na difu ya nguvu, tukajiwekea difu ya spidi bila kufungua boliti hata moja.

"Na gari limeinuka kiasi gani?" Mama aliuliza.

Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo huinuka nusu tu ya tofauti ya vipenyo. Baba aliweka kidole gumba na cha shahada mbali kidogo. "Milimita thelathini na tano," alisema. Sentimita tatu na nusu. Sote tukageuka kutazama paa la jiko.

Dawa ilikuwa kwenye katoni ile ile. Ukitaka injini isikie mzigo iliokuwa ikiusikia kabla, chukua uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo kipya, gawanya kwa cha zamani. 4.10 mara 806 gawanya kwa 736: 4.49. Uwiano huo hutaupata popote, kwa sababu gia hukatwa kwa meno kamili, si vipande. Wa karibu zaidi kwa difu ya aina yetu ni 4.556, yaani meno 41 kwa 9. Krauni ina meno yale yale. Pinioni imepunguzwa jino moja.

Bibi, mama yake Baba, ambaye ni miongoni mwa watu wa mwisho wa kijiji chetu kung'olewa meno sita ya chini kwa desturi ya Wajaluo, alifuatilia mjadala wote akiwa kwenye mkeka. "Jino moja tu ndilo linawanyima usingizi?" aliuliza. "Mimi waliniondolea sita na sikuacha kula."

Ndugu yangu akatumwa Kisumu, safari hii kwa pesa za chama cha Mama. Gereji moja ilikuwa na kichwa cha difu cha 41 kwa 9, kilichotolewa kwenye gari lililokwisha kufa. Aliyahesabu meno mwenyewe, akalipa, akarudi kupitia Luanda K'Otieno, akavuka kwa feri na kichwa kikiwa miguuni pake ndani ya gunia. Kukifunga hakukuwa kazi kubwa. Kwenye Hilux kama yetu kichwa cha difu hutoka kizima kwa mbele: unamwaga oili, unavuta shafti za pande mbili, unafungua propela na nati zinazozunguka, unakitoa. Fundi wa mtaani alikimaliza mchana mmoja, akajaza oili mpya ya difu. Kichwa cha zamani kikaenda stoo kulala pamoja na tairi.

Gari likafufuka. Gia ya tano ikarudi kazini, mlima wa Magunga ukapandwa bila harufu. Na jambo lililotutuliza kabisa ni kwamba hata daftari likapona. Pinioni yenye jino pungufu huifanya propela izunguke zaidi, na mita ikasahihika: kwa kilomita 100 iliandika 101 na nusu, tofauti ambayo hakuna mtu angeijali. Kurasa zikalingana. Mama alimwomba radhi ndugu yangu kwa ile habari ya dizeli, mbele ya watu wote, nami nilimheshimu sana kwa hilo.

Aliyeuza kichwa hakuuliza kama gari ni la magurudumu manne. Aliyekifunga hakuuliza. Na kwa kuwa hubu za mbele zilikuwa wazi siku zote hizo, ekseli ya mbele iliviringika tu kama abiria, na 4.10 yake haikumsumbua mtu.

Kisha ikaja siku ya giza yenye mvua. Nilikuwa kwenye kebini, nimebanwa kati ya Mama na dereva, na nyuma kulikuwa na magunia ya omena hadi juu na vijana wa kupakia wamejifunika turubai. Kutoka Nyandiwa njia ilikuwa tope. Ndugu yangu akashuka, akafunga hubu zote mbili, akavuta ile gia fupi ya magurudumu manne, tukaanza kupanda. Tulipanda vizuri, hata Mama alisifu. Kwenye tope tairi huteleza kidogo, na kule kuteleza ndiko kulikotuficha kosa.

Juu tope likaisha, tukaingia kwenye mwamba mtupu na ardhi ngumu. Usukani ukawa mzito ghafla. Gari likawa linajivuta, linatetemeka kwa kipindi, utadhani breki imekamata. Ndugu yangu akajaribu kuirudisha ile gia fupi, ikakataa kutoka. Akaongeza mafuta. Mlio uliotoka chini ya miguu yangu ulikuwa mkavu na mmoja tu, kisha usukani ukawa mwepesi, na sote tukajua kitu kimevunjika.

Ilikuwa jointi ya ekseli ya mbele, upande wa kushoto. Hesabu yake haina huruma. Katika magurudumu manne, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja na huzunguka sawasawa. Nyuma kulikuwa na 4.556, mbele 4.10. Nyuma ikienda mita 100, mbele inadai kwenda mita 111. Penye utelezi mvutano huo hujifungua wenyewe kwa tairi kuteleza. Penye ardhi ngumu hauna pa kutokea. Hujikusanya ndani ya shafti na gia mpaka kilicho dhaifu zaidi kipasuke. Ndiyo maana hata gia fupi ilikataa kutoka: ilikuwa imeminywa.

Tulilala hapo hapo, na turubai lilikuwa na tundu. Kufikia asubuhi magunia ya upande mmoja yalikuwa yameloa, na omena iliyokaushwa ikiloa tena haiuziki kwa chakula cha watu. Mama aliyauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu bado inamuuma.

Fundi aliyekuja kutoka Magunga alikuwa mzee, na hakuamini maneno ya mtu yeyote, jambo ambalo sasa naliona kuwa sifa kuu ya fundi. Alimsalimu Mama, akauliza kilichotokea, akanyamaza. Aliweka mawe ya kuzuia, akainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuliacha la pili chini. Akachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Gia ikiwa huru, akalizungusha lile gurudumu kwa mkono mizunguko miwili kamili, huku mwanafunzi wake akiwa chini ya gari akihesabu propela kwa sauti. Gurudumu moja likiwa limesimama, mizunguko miwili ya lile la pili ni sawa na mmoja wa krauni. Propela ilizunguka mara nne na nusu na kidogo.

"Nne na nusu," alisema. "Na mbele?"

Ndugu yangu akainamisha kichwa. Baba alipigiwa simu, naye alikuwa bado na ile katoni. Arobaini na moja kwa kumi, alisema.

"Basi, mama," fundi akamwambia Mama kwa upole, "gari lako lilikuwa na akili mbili."

Ndugu yangu, akitaka kuokoa pesa, akauliza kama tungetafuta pinioni ya meno 9 peke yake tuitie mbele, krauni ikiwa ni 41 vilevile. Fundi alikataa katakata. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa zikiwa jozi. Ukizichanganya zinapiga kelele, kisha zinakulana. Nafasi ya kucheza kati ya meno yake hupimwa kwa saa ya kupimia, milimita 0.13 hadi 0.18, na kazi hiyo haifanywi kando ya barabara.

Baraza lilikaa nyumbani usiku huo na wote waliokuwa na dai kwenye pikapu. Tungeweza kukamilisha kazi: kutafuta kichwa kingine cha 41 kwa 9 cha mbele, na gari lingekuwa sawa kabisa na tairi zake kubwa. Au kurudi nyuma. Ndugu yangu alipendelea la kwanza, na hoja yake haikuwa mbaya. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena gari liliinuka kiasi gani.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Tairi kubwa ziliuzwa kwa mtu wa Land Cruiser, ambako ndiko zinakostahili kuwa, na pesa zake zikanunua jointi. Kichwa cha 41 kwa 10 kilitoka stoo kikarudi nyuma ya gari, na zile 205R16 zikarudi mahali pake. Mawe mawili ya Nyandiwa yaliyokuwa yakigusa difu, Mama aliwalipa vijana wa ufukweni wayang'oe kwa mtaimbo. Waliyang'oa kabla ya saa nne asubuhi, na malipo yao yalikuwa chini ya bei ya tairi moja.

Sisemi tairi kubwa ni kosa. Mwenye gari linaloishi porini, na mwenye uwezo wa kubadilisha difu ya mbele na ya nyuma kwa siku moja, ana haki ya kuzivaa. Gari la familia ambalo siku nyingi hukimbia kwenye lami likiwa na mzigo, likae na tairi za kiwandani. Kwenye bamba la chuma la gari kama letu kuna msimbo wa ekseli unaotaja uwiano wake. Usome kabla ya kutoa pesa, au fanya kama mzee wa Magunga kwa chaki na jeki. Nasi kile kichwa cha meno 41 kwa 9 bado tunacho, kimepakwa grisi na kufungwa kwenye gunia. Ukikihitaji, njoo Mbita, lakini kwanza utatuambia ekseli yako ya mbele ina meno mangapi.